Tusimsingizie Mungu Damu ya Barabarani

Hapa Isinya, mtu akigongwa na lori akafa, huhitaji kufika matangani ndipo ujue kitakachosemwa. Atasimama mzee wa kanisa, atafuata msemaji wa ukoo, na mwanasiasa akiwapo naye atapewa nafasi, na wote watatua mahali pamoja: siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Waombolezaji wataitikia, jeneza litashushwa, na kesho yake malori yatapita kwa mwendo ule ule. Mimi ni mwalimu wa somo la dini katika shule ya msingi, tena ni msomaji kanisani, na nimesimama kwenye makaburi ya namna hiyo nikiwa nimeshika kitabu cha ibada. Ninaandika kusema kwamba maneno yale, jinsi tunavyoyatumia, si imani. Ni ushahidi wa uongo dhidi ya Mungu, na kama ilivyo kwa kila ushahidi wa uongo, mwenye hatia huachiliwa aende zake.

Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, unakunja kulia Athi River, unapita Kitengela, nyanda za Kaputiei zinafunguka mbele yako, na kabla hujafika Kajiado unatukuta sisi. Hii ndiyo barabara ya Namanga. Kutoka Athi River hadi mpakani ilijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikawa lami nyoofu, pana, yenye kumshawishi dereva. Tarehe 1 Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale Namanga ili magari ya mizigo yasilale mpakani. Papa hapa Isinya pana njia panda; lami nyingine inachepuka kwenda Kiserian, na dereva asiyetaka msongamano wa Nairobi huishika hiyo. Mizani ya kupimia malori nayo iko hapa. Kwa hiyo kila kizito kinachoingia na kutoka upande huu wa nchi kinapita mlangoni petu: mawe ya chokaa kutoka pande za Bissil kwenda viwanda vya saruji vya Athi River, saruji ikirudi, kokoto, mchanga, mawe ya kujengea, maua ya mashambani, vitunguu na machungwa ya Tanzania. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari la mizigo kufika tani 56.

Hayo ndiyo yanayopita. Wanaokaa nao wamebadilika. Mwaka 1999 Kajiado nzima ilikuwa na watu 406,054. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 1,117,840, Kitengela peke yake ikiwa imepita 150,000. Ranchi za jumuiya zilikatwa vipande, vipande vikakatwa ploti za hamsini kwa mia, na ploti zikauzwa pande zote mbili za lami. Mtu amejenga upande huu, shule ya watoto iko upande ule. Kanisa huku, zahanati kule. Maji huku, steji ya matatu kule. Barabara iliyochorwa kupita nyikani, penye swala na ng'ombe, sasa inapita katikati ya makazi ya watu, na bado inaendeshwa kama ya nyikani.

Njoo usimame nami kando ya lami saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wakienda shule. Utawaona wamejipanga kwenye changarawe, mabegi mgongoni, sweta zimefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya nyandani. Dada mkubwa hamshiki mdogo wake kiganja, maana kiganja huponyoka. Anamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka ngozi inabadilika rangi. Anatazama kulia. Mbali kule kuna trela. Analitazama, analipima kwa jicho, na jicho linamdanganya, kwa sababu kitu kikubwa kikija kutoka mbali huonekana kama kinakuja polepole. Hata mtu mzima hukosea hesabu hiyo, sembuse mtoto wa darasa la tatu. Anavuta pumzi, anaanza kukimbia, kisha anarudi nyuma. Trela linapita. Upepo wake unamsukuma kwanza nje, kisha unamvuta kuelekea barabarani, na leso ya mama anayeuza chai pale kando inapaa mpaka usoni. Vumbi likitulia wanaanza upya. Hivyo ndivyo mtoto wa Isinya anavyoianza siku ya masomo, na mimi nikimpokea darasani namfundisha kwamba Mungu anampenda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50 hukata mita 14. Dereva anapomwona mtoto, sekunde nzima au zaidi hupita kabla mguu wake haujagusa breki. Na nguvu ya kugonga haipandi sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kutoka 50 hadi 80, lori lile lile lenye mzigo ule ule huja na nguvu iliyozidi mara mbili na nusu. Ndiyo maana Sheria ya Trafiki ya Kenya, sura ya 403, inamtaka kila dereva asizidi kilomita 50 kwa saa anapopita mjini na kwenye vituo vya biashara. Isinya ni kituo cha biashara. Sheria ipo, na ni ya miaka mingi.

Basi tuulize swali lenyewe. Mtoto akigongwa na lori lililokuwa likienda 80 mahali pa 50, tunamaanisha nini tunaposema ni mapenzi ya Mungu?

Jirani yangu mmoja ni dereva wa trela. Hupeleka mizigo Arusha na kurudi. Siku moja tumekaa nje ya duka nikamuuliza kwa nini wanapita kwetu mbio namna ile. Alinijibu bila kuficha. "Mwalimu, nikishavuka Namanga mguu wenyewe unajua. Kule kibao cha 50 ni 50. Ukikaribia Longido trafiki amekaa kivulini na tochi yake, na faini ni shilingi elfu thelathini za kwao, papo hapo. Hapa nani ananiuliza?"

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Tochi anayoisema ni kifaa cha kupimia mwendo. Dereva ni yule yule, lori ni lile lile, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja wa mpaka watu wameamua jambo, na upande wa pili hatujaamua. Sisemi Tanzania watu hawafi barabarani. Wanakufa, na wengi. Nasema kwamba mguu wa dereva unainuka mahali penye anayeuliza. Mungu wa Longido ndiye Mungu wa Isinya. Kama kifo cha mtoto wetu kingekuwa kimeandikwa juu bila mkono wa mtu kuhusika, tochi ya askari isingeweza kukifuta. Kinachoweza kuzuiwa na kibao na askari mmoja kivulini hatuwezi kukiita amri ya mbinguni bila kumvunjia Mungu heshima. Amri ya tatu inakataza kulitaja jina la Bwana bure. Watoto wangu darasani hudhani amri hiyo inahusu kuapa ovyo. Mimi nawaambia inahusu zaidi kulitumia jina lake kufunikia mambo yetu.

Injili ya Luka, sura ya 13, ina habari ambayo wahubiri wetu hawaigusi mazishini, nami natamani waiguse. Mnara ulianguka Siloamu ukaua watu kumi na wanane. Watu wa wakati ule, kama sisi, walitaka maelezo, na maelezo waliyoyazoea yalikuwa kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Yesu alikataa katakata. Hakusema Mungu aliwachagua, hakusema siku yao ilikuwa imefika. Aliwageukia wazima na kuwaambia wao ndio wanaopaswa kubadilika, wasije wakaangamia vivyo hivyo. Kwa Yesu, kifo cha namna ile hakikuwa fumbo la kumsoma marehemu. Kilikuwa onyo kwa waliobaki.

Sisi tumepata Siloamu zetu. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho, trela liliacha barabara likawapitia wachuuzi, waendesha bodaboda na wasafiri waliokuwa wakingoja magari. Watu zaidi ya hamsini walikufa jioni moja. Wengi wao walikuwa wanauza mboga na matunda kando ya lami, kama kina mama wanavyouza hapa kwetu njia panda leo, migongo yao ikielekea magari. Serikali ilisema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Makanisa yaliomba, nasi hapa tuliomba. Lakini meza za nyanya za Isinya ziko pale pale, hatua chache kutoka kwenye tairi. Tukiisoma Luka 13 sawasawa, Londiani ilikuwa inasema nasi.

Kuna sheria nyingine katika Biblia ambayo majirani zangu Wamaasai huielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu inahusu ng'ombe. Iko katika Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga pembe tangu zamani, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, basi akiua, mwenye ng'ombe naye ana hatia ya kifo. Tazama sheria inavyopambanua. Tukio ni lile lile, pembe ni ile ile, marehemu ni yule yule. Kinachogeuza msiba kuwa hatia ni kule kuonywa. Nilimsimulia mzee mmoja wa hapa sheria hiyo, mtu ambaye hakwenda shule lakini amehukumu kesi nyingi za ukoo chini ya mti. Akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ni yetu kabisa, Mwalimu," akasema. "Ng'ombe mwenye pembe mbaya hapitishwi penye watoto, hata kama ni wa chifu. Na ukiambiwa mara ya kwanza ukanyamaza, ya pili unalipa."

Sisi tumeonywa mara ngapi? Mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, hutangaza hesabu kila mwaka. Mwaka 2023 waliokufa katika barabara za Kenya walikuwa 4,324. Mwaka 2024 walikuwa 4,748. Kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu, watu ambao hawakuwa na gari, hawakushika usukani, hawakumpita mtu vibaya, walikuwa wanavuka. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linahesabu kama watu milioni 1.19 kwa mwaka. Mwenye lori aliyeambiwa breki zimelegea akasema limalize safari hii kwanza, ameonywa. Mwajiri anayempa dereva muda ambao hautoshi mpaka apite vituo vyote kwa kasi, ameonywa. Ofisi inayojua kwamba shule iko upande mmoja na makazi upande mwingine, nayo haijaweka kivuko, imeonywa. Nasi raia tunaozika na kunyamaza tumeonywa pia.

Torati haikuishia kwa ng'ombe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Wakati ule watu walilala na kupumzika juu ya dari. Ninaipenda amri hii kuliko nyingi kwa sababu haisubiri mtu aanguke. Mwenye nyumba hawezi kujitetea kwamba hakukusudia mtu afe, wala hawezi kusema aliyeanguka angetazama anapokanyaga, wala kwamba siku yake ilikuwa imefika. Mungu mwenyewe, anayejua siku za kila mtu, ndiye aliyeagiza ukingo ujengwe. Imani ya kwamba siku zetu ziko mikononi mwake na wajibu wa kujenga ukingo vimetoka kinywa kimoja. Anayeshika la kwanza na kuacha la pili ameshika nusu ya dini.

Matuta ndiyo ukingo wetu. Kivuko chenye rangi inayoonekana, kibao cha 50 kisichofichwa na miti, taa njia panda, steji iliyosogezwa ndani, soko lililoondolewa kandokando, njia ya miguu: vyote ni ukingo wa dari. Mwaka 1997 Bunge la Sweden liliamua kwamba hakuna idadi ya vifo vya barabarani inayokubalika, na kwamba binadamu akikosea, kama ilivyo kawaida yake, barabara yenyewe lazima iwe imejengwa kiasi kwamba kosa lake lisimuue mtu. Walioamua hivyo walikuwa wabunge na wahandisi, na hawakutoa hoja kwa maandiko. Lakini mimi naona walifika pale Musa alipofika.

Jirani yangu mwingine, Mwislamu mwenye duka la vipuri, tulizungumza naye jambo hili akaniambia kwao ni wazi. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alihesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa tawi la imani. Na kuna yule Mbedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kuwa amemtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Yaani mtu anayeokota jiwe barabarani ili mwenzake asijikwae ametimiza ibada. Basi dereva anayefika kwenye nyumba za watu akapunguza mwendo naye yuko katika ibada, redio yake ipige muziki wowote ule.

Najua kuna wanaonisoma na moyo unakataa. Wanaona ninampunguzia Mungu enzi yake, kwamba nikisema hili si yake, nitamwachia nini. Pingamizi hili nimelisikia kwa mtu ambaye haki yake ya kuuliza ilizidi ya wote. Mama mmoja aliyefiwa na kijana wake, mwendesha bodaboda, alinishika mkono jikoni tukiandaa chai ya waombolezaji akaniuliza, "Mwalimu, ukiniambia si Mungu aliyemchukua, basi sasa hivi yuko na nani?"

Nilimwambia ninachokiamini mpaka leo. Aliyempokea na aliyemsukuma si mmoja. Mungu amempokea, Mungu hakumgonga. Faraja yote ya imani yetu iko katika hilo la kwanza, na hakuna hata chembe yake inayohitaji la pili. Mama yule hakuhitaji kuamini kwamba Mungu alipanga tairi lile. Alihitaji kujua kwamba tairi halikuwa na neno la mwisho juu ya mwanawe. Alilia, akanywa chai yake, kisha akasema jambo ambalo hakuna mhubiri aliyelisema siku ile: "Basi nataka kujua lile lori lilikuwa la nani."

Mkristo anayeogopa kwamba wajibu wa binadamu utamwondolea Mungu enzi amkumbuke Yusufu. Ndugu zake walimuuza, na mwisho wa kitabu cha Mwanzo Yusufu mwenyewe anakiri kwamba Mungu aligeuza ubaya wao ukawa wema. Hata hivyo hakuuita ubaya wao wema, wala hakusema si wao waliomuuza. Mungu anaweza kufanya jambo jema kutokana na kaburi lolote. Hilo halimfanyi yeye kuwa mchimbaji wa kaburi.

Wala sina chuki na malori. Nyumba zetu zote hapa zimejengwa kwa mawe na mchanga uliobebwa nayo. Wazibaji wa pancha, wenye hoteli za nyama choma, mafundi wa gereji, wote wanakula kwa barabara hii. Na dereva ni mtoto wa mtu. Wengi wanalipwa kwa tripu, si kwa mwezi. Tripu ikipungua, karo imepungua. Mara nyingi anayekufa ni yeye, amebanwa kwenye kabini yake kwa saa nzima watu wakipiga chuma. Kumtupia dereva lawama yote ni njia nyingine ya kuwaachilia wengine. Aliyeipanga ile tripu ofisini, akijua umbali na akijua saa, alikuwa ameshakanyaga mafuta kabla dereva hajawasha injini.

Kuna ibada moja ya kale katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ambayo ingetufaa Isinya. Mtu akikutwa ameuawa uwandani na aliyemuua hajulikani, wazee hutoka na kupima umbali kutoka kwenye mwili hadi miji iliyo kando kando. Mji ulio karibu zaidi ndio unaobeba jambo. Wazee wake huchukua mtamba ambaye hajavuta nira, humpeleka bondeni, hunawa mikono yao juu yake, na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu hii wala macho yao hayakuiona ikimwagwa. Nimejiuliza wazee wetu wangetamka nini wakipima kutoka kwa mtoto aliyelala kwenye lami hadi kwenye duka la kwanza. Umbali wenyewe ni mita chache. Mikono huenda ikawa safi. Lakini macho? Macho yetu yameona. Tumeona mwendo ule kila asubuhi, tumeona alama za kivuko zikifutika, tumeona meza za soko zikisogea karibu na tairi. Mji wa Isinya hauwezi kunawa mikono kwa maneno yale. Kinachobaki kwetu ni kutenda.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayasema kwa watu ninaokutana nao.

Wachungaji, mapadre na maimamu: acheni kutuliza watu kwa kumtwika Mungu kosa la binadamu. Mzikapo mtu aliyegongwa, semeni kwamba Mungu amempokea, kisha semeni kwamba aliuawa na mwendo, na kwamba mwendo una wenyewe. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, wekeni karatasi mezani watie sahihi. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, na kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa serikali kwa amani. Barua kwa KeNHA, wenye dhamana ya barabara kuu, ikisema tunataka matuta na kivuko mahali fulani na fulani, ikiwa na sahihi za watu waliotoka kuzika, haina haja ya ufasaha. Na isipojibiwa, ipelekwe tena, na barazani kwa chifu isomwe kwa sauti.

Wenye malori mnaokaa viti vya mbele siku ya Jumapili: mlipeni dereva kwa mwezi, mpeni saa zinazotosha, na mkiambiwa breki mbovu, lisiondoke. Sadaka yenu ni njema. Ukingo wa dari ni amri.

Madereva, hasa jirani yangu: mguu unaojua Longido unaweza kujua Isinya. Mungu wa pande zote mbili ni mmoja; usisubiri tochi.

Wazee wa mitaa: msisubiri mtu mwingine afe ndipo mwite mkutano wa kamati ya mazishi. Iteni mkutano wa kamati ya kivuko, na mchango ule ule tunaochanga kwa jeneza tuuchange kwa kufuatilia ofisini.

Na wewe unayesoma, popote ulipo, Kitengela, Bissil, Mlolongo au Londiani: siku utakaposimama kuzungumza katika mazishi ya aliyegongwa, usiseme kazi ya Mungu haina makosa ukaketi. Sema ni kazi ya nani, kisha toka na wenzako mkaizuie isirudiwe.